Vitz imeshika lami

Ndo nimeingia Lushoto sasa hivi, bado nina raha ya usukani mikononi.

Wiki hii gari yangu, Toyota Vitz, ililala gereji. Shokapu mpya zote nne, bushi za mbele (zile raba za kwenye maungio ya miguu ya gari), na tairi nimetoka 165/70R14 (rimu ya inchi 14) kwenda 185/55R15 (rimu ya inchi 15).

Kimo cha tairi kinatofautiana milimita 2 tu, kwa hiyo spidomita haidanganyi. Kilichopungua ni ubavu, ile raba kati ya rimu na lami.

Sasa zile kona za kupanda kutoka Mombo!

Zamani nikikata usukani, bodi inalala kwanza, tairi zinafuata baadaye. Leo vimekwenda pamoja.

Mke wangu, ambaye huwa anang'ang'ania mshikio wa juu ya mlango tangu Mombo, alikuwa anachati. Tumefika Soni hajainua kichwa. HAJAINUA KICHWA!

Rimu ni urembo tu (semeni mtakavyo), kazi wamefanya shokapu na bushi. Ila matuta sasa nayasikia mpaka kiunoni.

Fundi ananishawishi niweke springi fupi, gari ishuke chini. Kwa matuta yetu haya?

Wenye vigari vidogo mlioshusha, mnapitaje bila kukwangua? Leteni ushuhuda 👇