Siku yangu moja miongoni mwa wagonjwa mahututi

Saa 1 asubuhi. Makabidhiano ya zamu hufanyika kando ya vitanda. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya rufaa, na jambo ninalomuuliza kwanza muuguzi wa usiku ni kama dawa za usingizi zimepunguzwa, maana mgonjwa aliyelazwa usingizi hawezi kukaza misuli. Msuli usiokazwa hupungua upesi, na hupungua upesi zaidi mwili unapopambana na maambukizi makali. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2013 ulipima kwa ultrasaundi msuli wa mbele wa paja la wagonjwa mahututi, ukaonyesha kuwa msuli huo ulikuwa umepungua kwa takribani asilimia 18 kufikia siku ya 10, na kwamba waliopoteza zaidi ni wale ambao viungo kadhaa vya mwili vilikuwa vimeshindwa kufanya kazi.

Saa 2 na nusu. Mama mwenye kisukari, aliyelazwa kwa nimonia na bado yumo kwenye mashine ya kupumulia, ameamka na anafuata maelekezo. Nampima nguvu za bega, kiwiko, kifundo cha mkono, nyonga, goti na kifundo cha mguu, pande zote mbili, kila sehemu kwa alama 0 hadi 5. Jumla kamili ni 60, na chini ya 48 huhesabiwa kuwa udhaifu uliotokana na ugonjwa mahututi. Amepata 36.

Saa 4. "Mama, sasa tunakukalisha. Usiogope, tumekushika." Muuguzi mmoja analinda mpira wa kupumulia, mwingine anamshika mgongoni, nami natazama shinikizo la damu na kiwango cha oksijeni. Kichwa kinamwangukia kifuani, anakiinua, kinaanguka tena. Natamani kumsimamisha leo hii, lakini jaribio kubwa la kimataifa lililochapishwa mwaka 2022 lilionyesha kuwa kuongeza mazoezi mapema kupita kiwango cha kawaida hakukuwaongezea wagonjwa siku za kuishi nje ya hospitali, bali kuliongeza matukio ya hatari. Mapigo ya moyo yanapopanda, tunamlaza.

Saa 7 mchana. Pamoja na daktari na mtaalamu wa lishe, tunapitia sukari yake na kiasi cha protini anachopewa kwa mpira wa tumboni.

Saa 10 jioni. Mwanawe ameona miguu ilivyokonda. "Daktari, mnampa chakula kweli?" Ni swali la haki, nami nakaa naye. Namweleza kuwa mama yake anakula, ila chakula peke yake hakirudishi msuli uliolala huku ugonjwa ukiula. Kwamba hata kiwambo, msuli mkuu wa kupumulia, hudhoofika mashine inapomfanyia kazi, ndiyo maana kumtoa kwenye mashine kunachukua muda. Na kwamba udhaifu huu unaweza kuendelea kwa miezi mingi baada ya kurudi nyumbani, kwa hiyo wasimwite mvivu. Namfundisha kumkunja na kumnyoosha vidole, taratibu.

Saa 11. Naandika maelekezo ya zamu ya usiku: ageuzwe kila baada ya saa mbili, na alfajiri daktari aulizwe tena kuhusu dawa ya usingizi.