Mama aliuliza nyanya zinajuaje kuna joto

Januari hii Moshi imewaka kweli. Mama kashuka kutoka Marangu kukaa na sisi wiki mbili, akakuta nyanya zangu za kwenye viroba zimelala saa nane mchana, jioni zimesimama tena. Akauliza, "Hivi mwanangu, mmea unajuaje kama kuna joto?" Kulala kule ni habari ya maji zaidi, lakini swali lake lilinikaa kichwani maana ndo kitu nakipenda kuliko vyote nilivyosoma kwenye bailojia.

Nikaanza na yai, yale ya kuchemsha ya stendi na kachumbari. Ute mbichi unaona hadi upande wa pili, ukipata moto unakuwa mweupe na haurudi tena. Hapo protini zimefumuka. Protini ni kama uzi uliokunjwa kwa umbo lake na umbo ndo kazi yenyewe, joto likizidi mkunjo unafunguka zinaanza kunatana mabonge mabonge, na seli yetu ikifika nyuzi 42 tu tayari ina shida.

Sasa utamu uko hapa. Seli kwa sehemu kubwa haipimi joto lenyewe, inasoma uharibifu. Kwa binadamu bosi wa shughuli ni protini inaitwa HSF1, siku za kawaida imetulia tu, imeshikwa na protini za ukoo wa HSP, yaani HSP70 na HSP90, ambazo kazi yao ni kudaka protini zilizofumuka na kuzisaidia zikunjike upya. Joto likipanda majeruhi, yaani hizo zilizofumuka, wanakuwa wengi ghafla, zile zilizoishika HSF1 zinaiachia zinakimbilia majeruhi, basi HSF1 zikishaachiwa zinaungana tatu tatu, zinakamata DNA sehemu maalum na kuwasha jeni za kutengeneza HSP nyingine nyingi, yaani ndani ya dakika chache! HSP zikijaa na majeruhi wakipungua, zile zisizo na kazi zinarudi kuishika HSF1, kelele zinaisha.

Nikamwambia mama, ni kama umemshika mjukuu mkono, jirani akaanguka, ukamwachia mtoto ukimbilie kule, mtoto akatoka mbio anaita mtaa mzima, watu wakishajaa mmoja anamshika tena. Akasema, "Kumbe mtoto ndo king'ora." Ndo hivyo hasa, mi sikuwahi kuiweka vizuri hivyo.

Na hili jambo liligunduliwa kwa bahati. Ferruccio Ritossa, Mwitaliano, alikuwa anachunguza inzi wadogo wa matunda, mwenzake maabara akapandisha joto la inkubeta, Ritossa akaona kromosomu za wale inzi zimevimba sehemu ambazo hazijawahi kuvimba, dalili kwamba jeni za hapo zimewashwa. Akachapisha 1962. HSP zenyewe zilikuja kuonekana 1974.

Nyanya nazo zina ukoo mkubwa wa hao mabosi, kiongozi wao anaitwa HsfA1a, na mmea ukionjeshwa joto la wastani kwanza unahimili vizuri zaidi kali likija, kwa sababu HSP zishatengenezwa.

"Na likizidi?" mama akauliza. Likizidi wa kwanza kuumia ni chavua, maua yanadondoka bila kushika tunda, majani hata hayajaonyesha kitu. Akanyamaza, akaangalia maua yaliyodondoka chini ya kiroba cha mwisho ambayo mi nilidhani ni wadudu.

Kesho yake saa tano nimemkuta kafunga kanga yake ya zamani juu ya viroba, kutoka kwenye nguzo ya kamba ya nguo hadi dirishani.