Siku nilisoma historia ya kukhu bila kugeuza karatasi

Kukhu, yaani nyanya yangu, alifariki Novemba 2009 nikiwa kidato cha pili, na kwetu Kimilili mazishi ikipangwa kila mtu hupewa kazi yake, wamama jikoni, vijana kuchimba kaburi na kubeba viti, alafu lazima kuwe na mjukuu wa kusoma historia ya marehemu. Wazee wakakaa wakasema asome huyu wa Kisumu, juu yeye anasomea town na ako na sauti. Baba akakubali. Mimi hakuna mtu aliniuliza.

Sasa wacha nieleze kitu hapa, juu bila hiyo hamtaelewa. Mimi kusoma kulikua kunanishinda. Si ati sikujua herufi, zote nilizijua, na si ati zilikua zinarukaruka kwa karatasi venye watu hupenda kusema, kwangu hazijawai kuruka, zinakaa tu hapo zimetulia. Shida ni sauti. Nikiangalia neno natafuta sauti ya herufi ya kwanza, nikiipata natafuta ya pili, nikifika mwisho ile ya kwanza imeshapotea naanza tena. Wenzangu wakiliona tu linajisema lenyewe kichwani, mimi kila neno ni kama mlango umefungwa na nimeshikilia rundo la funguo hazina alama. Kiswahili ni afadhali, "ba" ni "ba" ata uende wapi, nikipewa muda nitafika. Kingereza ndio ilinimaliza kabisa, herufi zilezile nne, o-u-g-h, kwa neno hili zinatamkwa hivi na kwa lile vingine, na hakuna mtu anakwambia kwa nini.

Primary nilichapwa sana juu ya hiyo kitu, nikaitwa mvivu mbele ya darasa. Na nilikua nafanya kazi kuliko wote! Nilikua nasikiliza mwenzangu akisoma, nashika yote kwa kichwa, ikifika zamu yangu natoa. Unarudi nyumbani umechoka mpaka chakula hutaki na bado kitabu haina kitu umeandika.

Mwenye alijua ni dada yangu peke yake, yeye alikua darasa la saba. Historia ikaletwa kutoka saiba jioni ya Ijumaa, karatasi mbili zimepigwa stepo, tukaenda naye nyuma ya jikoni na tochi ya simu. Anasoma sentensi, narudia. Anasoma mbili, narudia. Alizaliwa wapi, aliolewa lini, watoto wake kwa mpangilio wao, venye aliuza mahindi soko ya Kamukuywa akasomesha baba na ndugu zake, venye sukari ilimsumbua miaka ya mwisho. Tukiwa hapo wamama wanaimba kwa tenti, mimi nalia na nakariri, nakariri na nalia. Alfajiri nilikua nayo yote, ata mahali pa kupumua.

Jumamosi watu walijaa mpaka wengine wakakaa kwa shamba ya miwa. Nimesimama karibu na MC nangoja kuitwa, baba mdogo akakuja mbio na kalamu, akachukua ile karatasi akaiweka kwa goti akaanza kuandika pembeni. "Tulikua tumesahau vitukuu, usiruke ata mmoja, mama zao wataleta maneno." Akanirudishia. Hapo hapo MC akaita jina langu.

Niliongea. Karatasi nimeishika mbele ya kifua, macho yanashuka na kupanda juu nilijua msomaji hufanya hivyo, na ile historia ikatoka yote venye dada alinipatia, watu wakalia pale pa kulia. Alafu nikafika kwa vitukuu. Nikaangalia ule mwandiko wa baba mdogo, umelala na umebanana, nikatambua herufi kubwa ya M na baada ya hapo hakuna kitu. Watu wote wamenyamaza wananingoja. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Vitukuu wa kukhu, kujeni hapa mbele, kila mtu aseme jina lake kwa hii maiki."

Wakaanza kutoka, wengine wanasukumwa na mama zao, wengine wamebebwa. Mmoja akasema jina na darasa yake pia. Senge, dada ya baba, akapiga vigelegele na watu wakapiga makofi, kwa mazishi! Mimi magoti yalikua yanatetemeka ile mbaya.

Wakati wa chakula mama mmoja mzee akanifuata pale nilikua nimejificha nyuma ya ghala. Alikua rafiki ya senge, mwalimu amestaafu, na kumbe alikua amesomea elimu maalum pale KISE, chuo cha elimu maalum huko Kasarani, Nairobi. Akaniuliza polepole, "Mwanangu, hiyo historia ilikua karatasi ngapi?" Nikasema mbili. "Na mbona hukugeuza?"

Nilijua nimeisha. Lakini yeye akanishika mkono. "Sitaki kukuaibisha. Niambie kalamu, sasa uiseme bila ile sauti ya l." Nikashindwa kuitoa. Akaandika nyuma ya programu neno halina maana yoyote, tibugo, juu hilo hakuna mahali ningekua nimelikariri, akaniambia nisome. Jasho ilinitoka. Akangoja bila kunisaidia na bila kukunja uso, na hiyo ndio mara ya kwanza mwalimu alinipatia muda wote nilihitaji. Nikafika.

Akaita baba. Akamwambia inaitwa disleksia, si macho, si uvivu, na haihusiani na akili, ni venye ubongo unashughulikia sauti za lugha, mtu huzaliwa nayo na mara nyingi inatembea kwa familia. Akamwambia anipeleke kituo cha kupima watoto, hivyo vituo serikali ilianzisha tangu 1984 na baba hakua amewai kuvisikia. Januari alinipeleka. Nikaanza kufunzwa sauti upya, moja moja, na mpaka leo nasoma polepole, mambo mengi simu ndio inanisomea. Ndio ikanisomea habari ya daktari wa Uingereza, Pringle Morgan, mwenye aliandika mwaka wa 1896 kuhusu kijana wa miaka 14 hawezi kusoma, na mwalimu wake anasema masomo yangekua ya mdomo tu huyo ndiye angekua mwerevu kushinda wote shuleni. Nilirudisha hapo nikasikiliza tena na tena. 1896, na mimi nachapwa miaka mia moja na zaidi baadaye.

Lakini hiyo jioni baba hakusema kitu mara moja. Aliangalia upande wa tenti, ndugu yake mkubwa alikua pale anafungua vyuma, fundi wa kuchomelea mageti, aliacha shule darasa la nne akatoroka viboko. Baba akamwita. Mwalimu akarudia maneno yote kutoka mwanzo, yule mzee amesimama tu na spana mkononi, akasema yeye amezeeka hiyo wamuachie. Akaenda. Asubuhi, mwalimu akiwa tayari amepanda boda, akarudi ameshika mkono msichana wake wa darasa la tatu, akasema, "Mwalimu, shuka kidogo. Angalia huyu."