Miti Iliyozama: Kuvua Blakibasi kwa Kayaki Lake Fork

Lake Fork halikuumbwa ziwa. Ni bwawa lililoanza kujaa maji mwaka 1980 mashariki mwa Texas, na waliolijenga hawakufyeka msitu wote. Sehemu kubwa ya miti iliachwa imesimama, maji yakaizamisha, ikafa wima. Zaidi ya miaka arobaini baadaye vigogo bado vimetokeza juu ya maji, vyeupe, bila gome. Ndiyo sifa ya mahali penyewe, maana blakibasi, samaki mwindaji wa maji baridi, hupenda kujibanza penye visiki, na wavuvi humfuata humo humo. Haya niliyajua kabla sijatoka Garland, mji ulio karibu na Dallas. Ambalo sikulitegemea ni kwamba miti ile ingenitonesha kidonda, mimi mtoto wa Kihoto, mtaa wa kando ya Ziwa Naivasha, Kenya.

Kwanza niseme habari ya pesa. Leseni ya kuvua maji baridi kwa mkazi wa Texas ni dola 30, na hiyo sina neno nayo. Kilichoniuma ni kayaki ya kukodi, ule mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja. Kwenye simu niliahidiwa kiti chenye mgongo, vishikio vya fimbo na nanga ndogo, vyote kwa dola 65 kwa siku. Tulipofika, kiti kilikuwa kipande cha sponji kilichofungwa kwa kamba, nanga haikuwepo, na jaketi la kuokolea maisha likawa na bei yake peke yake, dola 10. Hata kigari cha kuisukumia kayaki hadi majini kilidaiwa. Shemeji yangu, aliyeniendesha karibu saa moja na nusu kutoka Garland, aliangalia risiti kwa muda mrefu.

“Shem,” akasema, “hizi pesa zingenunua samaki wa mwezi mzima pale dukani kwa Wavietinamu.”

“Huyu samaki hauzwi dukani.”

“Basi na umlete nimwone.”

Hapo nikalazimika kumweleza sheria ya bwawa hili. Blakibasi mwenye urefu wa inchi 16 hadi 24 lazima arudishwe majini akiwa hai. Wadogo kuliko hapo unaweza kuchukua, na mkubwa wa kufika inchi 24 unaruhusiwa mmoja tu kwa siku. Ndivyo wanavyowalinda wale wa makamo wakue. Januari 1992 mvuvi aitwaye Barry St. Clair alimtoa humu blakibasi wa zaidi ya kilo 8, na rekodi hiyo ya Texas bado inasimama. Shemeji alinisikiliza hadi mwisho, akarudi garini, akalaza kiti.

Siku hiyo ya kwanza haina la kusimuliwa. Ilikuwa katikati ya Machi, upepo wa kaskazini ulikuwa umeteremsha baridi usiku kucha, na samaki hawakugusa kitu. Moteli nayo, hita ilinguruma bila kutoa joto, na kahawa ya asubuhi ikauzwa kama dawa ya hospitali.

Siku iliyofuata niliingia majini alfajiri. Maji yalitulia. Asiyewahi kukaa kwenye kayaki ajue kwamba makalio yako yako karibu sawa na maji, na kila kitu unakisikia: dagaa wakiruka, ndege akitua kwenye kigogo, kasia likidondosha matone. Mimi nimelelewa kando ya ziwa ambalo hakuna mtu mwenye akili timamu anayekaa chini namna hiyo. Naivasha kuna viboko, na kila familia ya wavuvi ina jina la mtu wake wa kutaja. Kwa hiyo kila maji yalipojiviringisha karibu na kisiki, mgongo wangu ulikakamaa kabla akili haijanikumbusha niko nchi gani.

Karibu saa tano upepo uligeuka, sasa ukitoka kusini, tena kwa nguvu. Kayaki ikaenda kombo, ikasukumwa ndani ya msitu ule mfu, na bila nanga sikuwa na cha kuizuia. Iliingia kati ya vigogo viwili ikakwama, tumbo lake likiwa juu ya kisiki kilichojificha chini ya maji. Kila wimbi liliinua nyuma na kuishusha, na mbao zikakwaruza plastiki kwa sauti iliyonipanda meno. Kasia halikuwa na nafasi ya kuzunguka. Nilijaribu kusukuma kigogo kwa mikono, kikamenyeka vipande vipande, kimeoza ndani. Maji yalikuwa baridi, mimi nimevaa nguo nzito, na ufuo uko mbali kiasi kwamba gari la shemeji nililiona dogo mno.

Nilikwama pale kwa muda mrefu, na katika muda huo sikufikiria samaki. Nilifikiria Kihoto. Mwaka 2020 Ziwa Naivasha lilipanda likaingia mitaani. Watu walihama kwa mitumbwi, wamebeba magodoro kichwani, na viboko wakaja kula mahali palipokuwa pametundikwa nguo. Migunga iliyokuwa ufuoni ilizama, ikakauka imesimama, na leo ukitazama kutoka barabarani unaona vigogo vyeupe vilevile, vimetokeza juu ya maji vivi hivi. Huku Texas watu hulipa moteli waje kuvua katikati ya miti iliyozama, na ramani za kuionyesha zinauzwa. Kule kwetu chini ya miti ile kuna msingi wa nyumba ya baba yangu.

Nilipiga kelele. Aliyesikia ni mzee mmoja aliyekuwa nje ya msitu kwenye kayaki ya kukanyaga kwa miguu, aina ambayo bei yake inaweza kununua pikipiki mbili mpya Kenya na chenji ibaki. Alikuja kinyumenyume dhidi ya upepo akitumia miguu tu, mikono yake ikiwa huru, akanirushia kamba. “Ifunge mbele, mwanangu, halafu uegemee nyuma.” Alinivuta kama anayemtoa ng'ombe kwenye matope, hadi tukafika kwenye ghuba iliyokingwa na upepo. Hapo tukashikana kayaki ubavu kwa ubavu, naye akanimiminia kahawa kutoka kwenye chupa yake.

Halafu akafungua masanduku yake ya vyambo bandia, na hapo ndipo safari yangu ilipoanza kulipa. Kila sanduku lilikuwa na tepu iliyoandikwa nambari. Nilidhani ni miezi. Kumbe ni nyuzi za joto la maji. Alikuwa na kipimajoto kilichofungwa kwenye uzi, akakitumbukiza, akangoja, akanionyesha. Kwa hesabu zetu ilikuwa kama nyuzi 14. Kalenda, alisema, haiogelei.

Maji yakiwa chini ya nyuzi 10 blakibasi huzubaa, kwa hiyo unampa kisamaki chembamba cha plastiki unachokivuta kidogo na kukiacha kining'inie, uhesabu taratibu kabla ya kukivuta tena, au kipande kizito cha manyoya kinachokokotwa chini polepole. Yakipanda kukaribia 15 anaanza kusogea penye kina kifupi kujiandaa kutaga, na hapo unatumia chambo bapa chenye goroli ndani, kinachopiga kelele. Yakiwa kati ya 15 na 20 madume hulinda viota, nao humvamia mjusi au nyungunyungu wa plastiki kwa hasira kuliko njaa. Baada ya kutaga ni zamu ya chura wa mpira juu ya magugu, asubuhi na jioni. Kiangazi wakubwa huteremka kwenye kina, unawafuata kwa vyambo vya kupiga mbizi. Majani yakianza kupukutika, makundi ya dagaa huingia kwenye mikono ya bwawa, na kila kitu cheupe au cha fedha kinachong'aa kinafaa.

Akanitolea kimoja kutoka sanduku la siku ile. Kilikuwa chekundu kilichokolea, kama damu iliyoanza kukauka, na tumbo la rangi ya chungwa. Nikakitambua anachokiigiza kabla hajasema. Ni yule kamba wa maji baridi mwenye magando, wa asili ya kusini mwa Marekani, Louisiana na jirani zake. Aliingizwa Naivasha mwaka 1970, na utotoni tulikuwa tukimkamata kwenye kingo kwa kipande cha utumbo. Nikamwambia mzee: kamba huyo tunaye, na blakibasi pia tunaye, aliletwa kutoka huku huku mwishoni mwa miaka ya 1920, na anamla kamba huyo kule kama anavyomla hapa. Mzee akashusha kikombe. Hakuwahi kusikia.

Akaniuliza Februari tunatumia nini. Nikamjibu kwamba kwetu Februari na Agosti maji hayatofautiani sana, tuko karibu na mstari wa ikweta. Alinyamaza, akaangalia masanduku yake yote yaliyopangwa nyuma ya kiti.

“Kwa hiyo nyinyi mnahitaji sanduku moja tu.”

Nilimweleza kuwa kwetu kinachobadilika ni kimo cha ziwa. Likipanda samaki hutawanyika ndani ya mafunjo na nyumba zilizozama, likishuka hurudi. Na wavuvi wetu wengi hutumia nyavu, si fimbo, na samaki wa karpi naye huzijaza.

Alinifundisha kukirusha kile chekundu juu ya magugu, kukivuta hadi kiguse majani, kisha kukichomoa kwa mkono wa ghafla. Samaki huuma hapo hapo kinapochomoka. Nilirusha mara kadhaa bila kitu, kisha mshipi ukawa mzito na kayaki nzima ikageuka kumfuata. Hilo ndilo tamu la kayaki: samaki anakuvuta wewe. Nilimshika mdomo wa chini kwa dole gumba, na meno yake madogo yalikuwa na ukali wa msasa. Kijani kibichi mgongoni, mstari mweusi ubavuni, tumbo limejaa mayai. Inchi 21. Nilimwinua juu ili shemeji amwone kutoka ufuoni, nikamrudisha. Alikaa kidogo kando ya kayaki akipumua, kisha akazama.

Mwenye kayaki alijaribu kunitoza mikwaruzo. Shemeji alimwonyesha ujumbe wa simu ulioahidi nanga, na dola zetu za dhamana zikarudi zote. Njiani hakusema tena habari ya samaki wa dukani, ila alitaka kujua mjusi wa plastiki ni bei gani.

Usiku huo nilimpigia mdogo wangu, anayevua Kamere, kwenye Ziwa Naivasha, nikamwambia nitamtumia vile vyekundu kwa shangazi anayesafiri mwezi ujao, avirushe kwenye migunga iliyozama Kihoto.

“Kaka, kina ndoano ngapi hicho?”

“Mbili, kila moja ina ncha tatu.”

“Hapo chini kuna waya wa fensi, mabati, mlango wetu wa chuma. Kitanasa mara ya kwanza.”

Akauliza bei. Nikamwambia dola 8. Akaguna. Basi nimebadilisha mzigo: nyungunyungu wa plastiki wa rangi nyekundu nyeusi, ndoano za ncha moja ambazo ncha yake unaificha ndani ya mwili wa nyungunyungu ili isishike kitu hadi samaki aume, na chubwi zenye umbo la risasi zinazoteleza kwenye mshipi. Nimempigia tena kumwelekeza jinsi ya kufunga, na amesema atajaribu asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaamka, akiwa ndani ya mashua.