Mkanda Uliokosa Herufi Moja

Picha iliyotutia wazimu mwaka ule wa 2001 ilikuwa Aliens, ya James Cameron, na hakuna hata mmoja mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, aliyejua kuwa ni ya pili, mwendelezo wa nyingine. Hata jina lake hatukulishika. Sisi tuliiita "Mama wa Bunduki". Mama mwenyewe ni Ripley, aliyechezwa na Sigourney Weaver. Anakwenda na kikosi cha wanajeshi wenye majigambo kwenye sayari ambako watu wote wametoweka isipokuwa mtoto mmoja wa kike. Madude yanashuka darini, yanachomoza sakafuni, risasi zinamwagika, na mwisho kabisa Ripley anajifunga ndani ya mashine ya kunyanyulia mizigo na kupambana na mama wa madude.

Siku ile kwenye banda letu la video walikuwamo vibarua wa bandarini. Walipoiona ile mashine walisimama wote, picha ikazibwa, na watu wa nyuma hawakulalamika kwa sababu nao walikuwa wamesimama. Mmoja akapiga kelele, "Dada, mbwage kama robota la mkonge!" Tukatoka pale sauti zimetukauka.

Watu wakaidai tena. Mkanda ulikuwa wa kukodi na ulikwisharudi Dar, kwa hiyo mwenye banda akaagiza upya kupitia kwa konda wa basi. Ukafika Ijumaa jioni, umefungwa kwenye mfuko wa rambo. Kwenye lebo, kwa kalamu ya wino mzito, palikuwa pameandikwa ALIEN. Nani angeihesabu herufi moja? Ubao wa nje ukaandikwa kwa chaki: LEO TENA, MAMA WA BUNDUKI. Kiingilio kikapanda kutoka shilingi 50 hadi 100 kwa sisi watoto. Nilikuwa darasa la sita. Hamsini nilikuwa nayo. Nyingine nilimkopa binamu yangu, naye hadi leo hunikumbusha.

Lazima nieleze habari za mfasiri, maana bila yeye kisa hiki hakipo. Zama zile jina la Lufufu, mfasiri wa picha kwa Kiswahili, lilikuwa linavuma, na kila banda lilitaka Lufufu wake. Wa kwetu alikuwa kijana mwembamba, anakaa juu ya kreti la soda pembeni ya televisheni, maikrofoni imeviringwa leso ili isikwaruze. Hakuwa anatafsiri neno kwa neno. Alikuwa anasimulia, anatania, anawapa watu wa kwenye picha majina ya watu wa mtaani. Aliens alikuwa ameikariri. Jioni ile alikuja amevaa shati jipya.

Picha ikaanza. Meli kubwa inapita gizani, polepole. Ndani ya meli, korido tupu. Taa. Kofia mbili. Korido nyingine. "Hii ndiyo meli yenyewe," mfasiri akasema. "Inakwenda." Kimya. "Bado inakwenda." Watu wakaanza kucheka. Nimekuja kuitazama tena nikiwa na saa mkononi: zaidi ya dakika tano zinapita bila mtu kutamka neno. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kusema, hiyo ni adhabu.

Walipoamka wasafiri, watu saba na paka wao, tukamwona Ripley. Kijana zaidi, hana bunduki, anakunywa kahawa. "Mbona huyu si mwenyewe?" mtu akauliza. Mfasiri hakusita: "Huyu ni mdogo wake." Basi tukakubali. Tulidhani tunatazama mwendelezo, kumbe tumerudi mwanzo, mwaka 1979, kwenye picha ya Ridley Scott ambayo ile yetu ilikuwa imeota juu yake.

Walioipenda mapema walikuwa vibarua. Ndani ya ile meli wamo mafundi wawili wa chini, Parker na Brett, na jambo la kwanza wanalolizungumza mezani ni malipo: kwa nini mgawo wao uwe mdogo kuliko wa wengine? Mfasiri akapata cha kushika. Akawageuza kuwa vibarua wa gati wanaodai marupurupu, akamfanya nahodha kuwa nyapara, na kwa dakika chache banda likarudi kuwa banda.

Halafu Kane, mmoja wa wale saba, akaliinamia lile yai la dude.

Hapo ndipo kutazama ya pili kwanza kulipotuletea balaa. Anayeanza na ya kwanza hajui kile kitu kilichomrukia Kane usoni kitamfanya nini. Sisi tulijua. Tulikwishaona wiki nzima nyuma vifua vikipasuka, dude likitoka ndani. Kwa hiyo wenzake walipomrudisha mlangoni mwa meli, na Ripley akakataa kufungua kwa sababu sheria inataka saa 24 za karantini, banda zima lilikuwa upande wake. "Usifungue! Mdogo wake, usifungue!" Ash, yule afisa wa sayansi, akabonyeza kitufe akawafungulia. Laana alizomwagiwa siwezi kuziandika. Muuza kahawa, mzee wa watu, aliyekuwa amesimama mlangoni na dele lake, alimwita mwanaharamu kwa sauti ya upole kabisa.

Ikaja ile meza ya chakula. Kane ameamka, kile kitu kimemwachia, ana njaa, anacheka, anakula kwa pupa. Wenzake wanatania. Na sisi, watu kama 60 juu ya mabenchi, hakuna anayetania. Nakumbuka vikombe vya muuza kahawa: kwa kawaida alikuwa akivigonganisha mkononi, kri-kri-kri, hata picha ikiwa katikati, na watu walikuwa wamezoea kumfokea. Vilinyamaza vyenyewe. Nilimgeukia mfasiri. Alikuwa ameiweka maikrofoni mapajani, ametazama kioo kama sisi. Kane akaanza kukohoa, na hatukupewa neno hata moja la Kiswahili la kujisitiri nalo.

Baada ya pale hakusema tena. Siku zote nilidhani aliishiwa. Sasa naona aliheshimu.

Nahodha Dallas akaingia kwenye mabomba ya hewa peke yake, na kirushia moto mkononi. Mwenzao kwenye kijiskrini anaona nukta mbili: moja ni Dallas, nyingine inamfuata. Anamwambia ondoka hapo. Dallas anageuza tochi, na dude limekwishanyoosha mikono. Benchi letu likaenda chali. Sijui nani alianza kurudi nyuma, najua tu kwamba nilikuwa chini, mguu wa mtu umenasa waya, televisheni imezimika, na watu wazima wanagombea mlango wenye upana wa gunia. Nilipoteza ndala ya kushoto. Mwenye banda alipowasha karabai, upande mmoja wa ukuta wa mabati ulikuwa umelala.

Walitaka hela zao. Hoja yao ilikuwa moja: ubao umesema bunduki, bunduki iko wapi? Mwenye banda aliona heri arudishe kuliko kugombana, na mkanda ukapanda basi la alfajiri kabla hata haujamalizika.

Mfasiri ndiye aliyetusindikiza, watoto wanne tunaokaa njia moja. Barabara za Ngamiani zimepewa namba, na usiku ule nilizihesabu zote kwa sauti, nimeshika ndala moja. Binamu yangu alikuwa analia kimyakimya. Mfasiri akamshika bega. "Sikiliza mdogo wangu. Mle ndani mna mtu tu. Amevalishwa mpira. Mtu mrefu, labda Mmasai." Binamu akauliza, "Kweli, kaka?" Akajibu, "Wallahi." Alikuwa anabahatisha.

Mwisho wa ile picha niliuona miaka kumi baadaye, Dar es Salaam, chumbani hosteli, kwenye kompyuta ya kuazima, vipokea sauti masikioni. Wenzangu walikuwa wamelala. Nikaitazama yote, kisha usiku uliofuata nikatazama ile ya Cameron, na ndipo nilipoelewa kwa nini banda lile lilivunjika. Ya pili imetengenezwa kwa ajili ya watu wengi. Madude yamezidishwa mpaka yamekuwa jeshi, na jeshi hupigwa risasi. Ukishaona dude linakufa, unaanza kuhesabu. Cameron alikuwa na akili ya kutorudia hofu ya mwenzake. Alileta vita, akamwekea Ripley mtoto wa kumlinda, akampa adui naye mayai ya kuyalinda, na pambano la mwisho likawa la mama na mama. Raha yake ni kubwa, sitaikana. Nikiulizwa leo tutazame ipi na jamaa, nitasema ya pili bila kufikiri.

Ila ya kwanza haitazamwi na jamaa. Dude ni moja, katika picha ya karibu saa mbili linaonekana dakika chache tu, na kila linapoonekana ni kipande: taya, mkono, kitu kinachometa. Nilijua Ripley atapona. Nilikuwa nimemwona na bunduki yake miaka kumi nyuma! Haikusaidia chochote, nilisimamisha picha mara mbili kwenda kuangalia kama mlango una komeo.

Nilipomaliza nikatafuta nani alikuwa ndani ya lile dude. Umbo lilichorwa na Mswisi, H. R. Giger. Aliyelivaa alikuwa Mnigeria, Bolaji Badejo, mwanafunzi wa sanaa aliyeonekana kwenye baa huko London, urefu wake futi 6 na inchi 10. Hakucheza picha nyingine. Alifariki mwaka 1992, kabla hata binamu yangu hajamlilia njiani.

Namba ya mfasiri niliipata kwa shangazi. Sasa anauza vifaa vya umeme. Nikampigia, nikamwambia Mmasai wake alikuwa Mnigeria. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza kitu ambacho nadhani alikibeba miaka yote ile:

"Na yule mdogo wake, mwisho alipata bunduki?"

"Alipata. Lakini ya kurusha chusa."

"Chusa? Hiki cha kuvulia papa?"

"Hichohicho. Alirusha mara moja tu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Sasa hiyo," akasema, "ningeitafsiri."