Mwasumini wenye majani tele na maua haba

Malalamiko juu ya mwasumini ni mawili: majani yanageuka manjano, au mti umejaa majani wala hauchanui. Kila moja lina dawa yake, na ukizibadilisha unauumiza mti.

Kwanza hakikisha ulichonunua ni mwasumini. Kwenye vitalu vya kando ya barabara, jina la yasmini hupewa hata ule mti wa kuzungushia ua wenye vijani vingi kwenye kikonyo kimoja na vitunda vyekundu. Nao hunukia, lakini ni jamaa wa mchungwa. Mwasumini wa kikuba, yaani kile kishada cha maua ya kunukia cha kuvaa, una jani zima, la kung'aa, na majani hukaa mawili mawili yakitazamana kwenye fundo. Kwa kuchuma kila siku chagua wa maua mepesi. Ule wa maua yaliyojaa kama waridi, uitwao Grand Duke of Tuscany, ni mzuri wa kutazama ila hukua polepole na hutoa machache.

Sasa manjano. Sehemu kubwa ya Mombasa imekaa juu ya matumbawe, yale yale yaliyochimbwa Bamburi kwa ajili ya saruji. Matumbawe ni chokaa, na kwenye udongo wa chokaa madini ya chuma huwepo lakini mizizi haiwezi kuyanyonya. Utaona majani machanga ya nchani yamekuwa manjano huku mishipa imebaki kijani. Yakianza majani ya chini, yaliyokomaa, hiyo ni njaa ya nitrojeni au maji yaliyotuama shinani. Basi usimwagie majivu wala maganda ya mayai yaliyosagwa, maana vyote huzidisha chokaa. Ukinunua dawa ya chuma, soma pakiti utafute neno EDDHA. Aina ya EDTA hupoteza nguvu kwenye udongo wa namna hii, na pesa huenda bure.

Penye mwamba ulio karibu na uso wa ardhi, ndoo ya rangi ya lita 20 iliyotobolewa matundu sita chini ni bora kuliko shimo. Changanya udongo mwekundu sehemu mbili, samadi ya mbuzi iliyooza vizuri sehemu moja, na vumbi la makumbi ya nazi sehemu moja. Makumbi yaoshwe kwa maji baridi mara tatu, kwa kuwa mengi huwa yamelowekwa baharini na yana chumvi. Ukipanda ardhini, kaa hatua moja kutoka ukuta wa chokaa, lakini uache ukuta huo uukinge mti na upepo wa kusi wenye chumvi ya bahari.

Maji ya kisima ni tatizo jingine. Yakiwa na magadi au chumvi, ncha za majani huungua na juu ya udongo hutanda ukoko mweupe. Mara moja kwa mwezi mimina maji ya mfereji au ya mvua mpaka yatiririke chini kwa wingi, yaisombe chumvi.

Na maua haba? Sababu huwa tatu. Kivuli: mwasumini unataka jua kwa muda wa saa sita kila siku, chini ya mwembe hautachanua. Mbolea ya nitrojeni nyingi: hunenepesha majani tu. Na kubwa kuliko zote, woga wa mkasi. Tumba hutokea kwenye ncha ya chipukizi jipya, kwa hivyo tawi kuukuu lisilokatwa halina pa kuchanulia. Kila kishada kikimaliza, kata chini yake mafundo mawili. Mwisho wa Agosti au Septemba pogoa mti mzima, uuondolee theluthi hadi nusu, kisha weka samadi. Machipukizi yatakutana na mvua za vuli, na matumba yatakuja na joto la kaskazi. Mti utaonekana umekonda kwa wiki kadhaa, uvumilie.

Vitawi ulivyokata usitupe. Chukua vya urefu wa sentimita 12, visivyo laini sana wala vigumu kama kuni, ondoa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wa mto penye kivuli. Mchanga wa pwani una chumvi, haufai. Mizizi hutoka baada ya wiki nne hadi sita.

Ukiona vitone vya manjano na utando mwembamba nyuma ya jani wakati wa ukavu, ni utitiri. Piga maji kwa nguvu upande wa chini wa majani asubuhi mbili tatu mfululizo. Ukizidi, tumia mafuta ya mwarubaini, kijiko kimoja cha chai kwa lita ya maji na sabuni kidogo, jioni. Usipulizie matumba utakayochuma, kwani ua hilo huvaliwa kifuani na nyweleni.

Kuchuma ni baada ya alasiri, tumba likiwa jeupe, limenona, halijafunguka. Lililo kijani bado halitafunguka hata ukilitia majini. Funga kwenye jani la mgomba lililolowa. Baada ya magharibi yataanza kuachia yenyewe.