Toubkal: niende au nisiende?

Wiki mbili sasa huu mlima haunitoki kichwani. Nafungua daftari najikuta nimeandika 4,167 pembeni, nafuta, baada ya muda naandika tena. Hiyo ndo mita ya Toubkal, mlima mrefu kuliko yote Morocco na Afrika Kaskazini nzima, uko kwenye safu ya Atlas kusini mwa Marrakech, na mimi nasoma hapa Rabat, treni mpaka Marrakech ni kama masaa manne, kwa hiyo kusema ni mbali siwezi.

Aliyeanzisha ni rafiki yangu wa Bukavu. Tunakaa bweni moja, tulijuana siku ya kwanza kwenye foleni ya chakula alivyonisikia naongea na simu kwa Kiswahili akageuka macho yamemtoka. Sasa juzijuzi akanifuata chumbani, "Dada, tupande ile mulima mbele masomo yakaze, ni siku mbili tu, haiko kali." Na kweli kila unayemuuliza anakwambia hivyohivyo, siku ya kwanza unatembea kutoka kijiji cha Imlil mpaka kwenye nyumba za kulala wapandaji, alfajiri unapanda kileleni, jioni umesharudi Imlil unakula tajini, ule mchuzi wao wa chungu. Hakuna kamba, hakuna kukwea mwamba, kama theluji haijaanguka ni miguu yako tu. Nikamwitikia palepale.

Ila sikumwambia habari za mlima Meru.

Mimi ni wa Tanga lakini nilisoma Arusha, na mwaka 2019 nilipanda Meru na binamu yangu. Usiku wa kwanza tulilala Miriakamba, wa pili Saddle Hut kwenye mita 3,570, na pale jioni kichwa kikaanza kugonga. Nikanyamaza. Niliona kila mtu anacheka anakunywa chai nikasema nikilala kitaacha, saa saba usiku tukaamshwa tukaondoka na mimi bado nimenyamaza, tulivyofika Rhino Point nikatapika mpaka nikakaa chini nikashindwa kusimama. Binamu yangu alikuwa mzima kabisa, angefika juu, tena alikuwa amejibana miezi kuipata ile hela, akasema siwezi kukuacha hapa, akashuka na mimi. Hajawahi kunilaumu hata siku moja. Mimi najilaumu, sio kwa kuumwa maana kuumwa sikupanga, ni kwa kunyamaza.

Sasa Toubkal ni mfupi kuliko Meru kwa karibu mita 400, na hiyo ndo ilinidanganya mwanzo. Nikachukua karatasi nikapiga hesabu ya kulala. Marrakech iko chini, kwenye mita 460 hivi. Imlil 1,740. Zile nyumba za wapandaji ziko 3,207. Yaani kwa mpango wa siku mbili, asubuhi unatoka Marrakech na usiku huohuo unalala juu ya mita elfu tatu, kesho yake alfajiri unaongeza 960 nyingine. Meru nilipewa usiku wa katikati pale Miriakamba, 2,514, na bado mwili ulikataa. Huku huo usiku wa katikati haupo kabisa. Na kule kileleni hewa unayoivuta ni kama asilimia 60 ya ile ya Tanga ufukweni, na huu ugonjwa wa mlima hauangalii kama wewe ni mkimbiaji au unafanya mazoezi kila siku, ukishaumwa mara moja uwezekano wa kuumwa tena ni mkubwa, dawa yake ya uhakika ni kushuka. Mlima mfupi unaopandwa haraka unaweza kukuumiza kuliko mrefu unaopandwa taratibu, hili natamani ningelijua mapema.

Wiki iliyopita tukaenda Imlil kuangalia tu. Marrakech tukapanda teksi ya kuchangia, tukapita Asni, halafu barabara ikaanza kupinda na bonde likafunguka, miti ya tufaha na ya walnati, nyumba za mawe na udongo zimebebana mlimani. Nyingine bado zina nyufa, na kuna sehemu mawe yamelundikwa tu pale palipokuwa na nyumba ya mtu. Lile tetemeko la Septemba 8, 2023 lilikuwa la 6.8 na liliua karibu watu 3,000, wengi wao wa milima hiihii. Mwongozaji tuliyeongea naye anasema walilala nje kwa wiki na wiki, ukuta mmoja wa nyumba yao ulilala chini wote. Anaongea Tashelhit, lugha ya Waberberi wa huko, na mkewe, Kiarabu cha Morocco na dereva, Kifaransa na sisi, hapohapo bila kupumua. Akatutembeza mpaka Sidi Chamharouch ili aone mwendo wetu.

Aisee pale mahali. Njia inapanda kando ya bonde, baghala wanapita na mizigo inabidi usogee ukutani, halafu ghafla unaona jiwe kubwa limepakwa chokaa nyeupe, na maji yanashuka pembeni, na vibanda vya kuuza maji ya machungwa. Ni mahali patakatifu pa kuzuru, watu wanaleta wagonjwa wao, hasa wale wanaosemekana wana majini, maana huyo Chamharouch kwao ni mfalme wa majini. Mimi nikasimama, hilo jina nimelisikia utotoni Tanga kwa wazee, Shamhurishi, wakilitaja kwa sauti ya chini, sikutegemea nikutane na kwake huku mwisho wa bara. Nikamwona mama mmoja amemshika binti yake mkono wanavuka kadaraja taratibu sana, nikageuza macho nikawaachia njia yao.

Nilifika pale, kama mita 2,350, kichwa shwari. Mwongozaji kila nikiongeza mwendo ananiambia "bshwiya, bshwiya", ambayo ndo pole pole yetu ileile. Nikamuuliza, kama mmoja wetu akiumwa juu inakuwaje? Akajibu bila kuzunguka, mwongozaji ni mmoja, mmoja akishuka wote mnashuka, siwezi kumwacha mtu peke yake. Na kupanda bila mwongozaji hairuhusiwi, tangu Desemba 2018 walivyouawa wale wasichana wawili, wa Denmark na wa Norway, karibu na Imlil, waliweka vizuizi njiani, unaonyesha pasipoti na wanaangalia uko na nani.

Nikaona Meru inajirudia yote mbele yangu. Safari hii angekuwa sio binamu, ni mtoto wa watu wa Bukavu aliyenibebea begi stendi.

Nikampigia mama kwanza. Shikamoo, marahaba, habari za shule, nikazunguka weee mwisho nikamwambia. Akanyamaza muda mrefu nikadhani mtandao umekata. "Meru ulikuwa nyumbani, mwanangu, ndugu yako alikushusha. Huko ugenini nani atakushusha?" Halafu akauliza wale wasichana waliouawa ilikuwa mlima huohuo? Kumbe alishasoma siku nyingi tangu nipate nafasi ya kuja huku, hakuwahi kuniambia. Sikumficha, nikamwambia ndio, nikamweleza na habari ya vizuizi na mwongozaji. Hakusema nenda, hakusema usiende. Akasema, "Huyo mwenzako anajua kwamba mlima unakukataa?"

Usiku uleule nikagonga mlango wa rafiki yangu. Nikamweleza kuanzia Saddle Hut mpaka binamu yangu alivyonishika kwapa kushuka, na nikamwambia ukienda na mimi kuna uwezekano wa kweli kwamba kileleni hutafika kwa sababu yangu, kama unataka kwenda na kundi lingine nenda, sitanuna. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kitu kimoja tu, "Na ukisikia kichwa safari hii utanisema?" Nikasema nitasema dakika ileile. Akachukua ile karatasi yangu ya hesabu akaanza kuandika juu yake.

Tulichopanga ni hiki. Usiku wa kwanza Imlil. Siku ya pili tunapanda njia nyingine ya juu ya kijiji mpaka karibu 2,500 halafu tunarudi kulala palepale Imlil, mwili uonje. Siku ya tatu taratibu mpaka 3,207, na pale tunalala usiku mbili badala ya mmoja, siku ya katikati tunatembea kidogo juu na kurudi. Siku ya tano ndo kilele, tukiamka salama. Kichwa kikiuma na nikatapika, tunashuka wote bila mjadala, hilo tumeshamwandikia mwongozaji na amekubali. Theluji ikianguka kabla hatujaondoka tunaahirisha mpaka Juni, maana vile vyuma vya meno vya kufunga kwenye buti hatujui kuvitumia na sio pa kujifunzia.

Gharama imepanda, siku tano sio siku mbili, mwongozaji analipwa kwa siku na anastahili kila dirhamu, kwa hiyo lile koti nililokuwa naliwazia la baridi ya Rabat linasubiri. Nimenunua glavu na soksi nzito sokoni, tochi ya kichwani rafiki yangu ameazima mbili kwa watu wa bweni. Jana usiku nilimwandikia na binamu yangu, nikamwomba msamaha wa ile 2019, kitu ambacho sikuwahi kukifanya kwa maneno. Asubuhi nimekuta amejibu kwa kunitumia picha yetu ya Saddle Hut, tumekaa kwenye ngazi na vikombe vya chai, mimi nimeinamisha kichwa kidogo. Chini ameandika, "Pale nilijua unaumwa. Na mimi nilinyamaza."

Tunaondoka Jumatano, treni ya asubuhi.